Nasafiri na bi mkubwa ana kisukari na presha, basi usiku kucha halafu ndege masaa kumi na moja, naombeni ushauri

binti_wa_kwanza

Habari za humu ndani wakuu. Nimekuwa nasoma tu siku zote ila leo nimeona niulize maana nina wasiwasi kweli. Mwezi ujao nasafiri na mama yangu pamoja na mtoto wangu wa miaka minne. Mama ana miaka 67, ana kisukari anachoma insulini, ile ya muda mrefu anachoma usiku na ile ya haraka anachoma kabla ya kula, halafu ana presha anakunywa vidonge aina mbili na kimoja ni ile dawa inayokojoza. Kwa hiyo akiwa nyumbani mambo yake yako sawa kabisa, ana ratiba yake, anakula kwa muda, anapima sukari asubuhi, sina shida naye.

Shida ni safari yenyewe. Tunaanza na basi usiku kucha, tukifika tunasubiri uwanja wa ndege karibu nusu siku, halafu ndege masaa kumi na moja, na tunakoenda saa zao ziko nyuma ya zetu kwa masaa saba. Tutakaa kule kama mwezi hivi na wiki ya mwisho tunahamia sehemu ya joto yenye malaria na nimesikia pia kuna homa ya manjano.

Sasa watu wameshaanza kunishauri kila mtu na lake. Kuna ndugu kaniambia mama asinywe maji siku ya safari na aache ile dawa ya kukojoa ili asisumbuke choo, mwingine kasema insulini inatakiwa iwekwe kwenye sanduku kubwa maana uwanjani watainyang'anya. Sijui nimsikilize nani. Insulini naibebaje, anachoma saa ngapi masaa yakibadilika, miguu yake huwa inavimba akikaa sana nifanyeje, na mtoto anatapika sana kwenye gari. Mwenye uzoefu au mtu wa afya humu naombeni mnisaidie jamani.

mfamasia_dirishani

Karibu dada. Nianze na hilo la insulini kwenye sanduku kubwa maana ndo la hatari kuliko yote uliyoandika. USIWEKE. Kule chini ya ndege kunaweza kuwa na baridi kali na insulini ikishaganda imeharibika, hata ikiyeyuka ikarudi kuonekana ya kawaida haifanyi kazi tena inavyotakiwa, na kwa macho unaweza usigundue chochote. Mama atachoma dozi yake kamili na sukari itapanda tu mtabaki mnashangaa. Halafu masanduku yanapotea au yanachelewa, likichelewa siku mbili mama anachoma nini?

Dawa zote za mama zikae kwenye begi la mkononi, na hilo begi likae chini ya kiti cha mbele yake, sio kule juu ambako akilihitaji usiku mpaka amwamshe mtu. Kuhusu kunyang'anywa, ile sheria ya vimiminika kutozidi mililita 100 viwanja vingi havihesabu dawa anazohitaji msafiri, ila uzitoe uwaonyeshe mwenyewe mapema kabla hawajauliza. Nenda kliniki anakotibiwa uombe barua ya daktari yenye jina lake kama lilivyo kwenye pasipoti, ugonjwa wake, majina ya dawa na dozi, na iseme wazi kwamba anabeba sindano na insulini. Majina ya dawa yawe yale ya kitaalamu ya dawa yenyewe, sio jina la biashara la kwenye boksi, kwa sababu jina la biashara linabadilika nchi hadi nchi na mfamasia wa huko anaweza asilijue kabisa, lakini akisoma metformini (ya kisukari) au amlodipini (ya presha) anaelewa hapo hapo. Dawa ziache kwenye maboksi yake yenye lebo, usizimwage zote kwenye kichupa kimoja kwa ajili ya kupunguza nafasi.

Beba karibu mara mbili ya anachohitaji kwa huo mwezi, pamoja na sindano, vijiti vya kupimia na betri ya mashine. Ikiwezekana gawa, nusu abebe mama nusu ubebe wewe kwenye begi lako la mkononi pia, ili begi moja likipotea isiwe mmekwisha.

Na kwenye basi kuna tatizo la upande mwingine, joto. Usiweke kwenye buti ya basi na usiweke dirishani juani. Ambayo haijafunguliwa inataka baridi ya friji, nyuzi 2 mpaka 8, ambayo anaitumia kwa sasa nyingi zinavumilia joto la kawaida la chumbani kama wiki nne hivi, ila soma karatasi ya ndani ya boksi lake maana zinatofautiana. Tafuta kibegi cha kutunzia baridi, na ile barafu yake uifunge kwenye taulo isigusane na insulini moja kwa moja, la sivyo utaigandisha wewe mwenyewe kwa mkono wako.

Kitu kingine watu hawakijui, dawa kali za maumivu kama kodeini na tramadoli kuna nchi zinazihesabu kama dawa za kulevya, unaweza ukashikwa nazo hata kama umeandikiwa na daktari. Kama mama anatumia kitu cha namna hiyo angalia sheria za mnakokwenda na za nchi mtakayopita kubadilisha ndege.

Nesi_Zamu_ya_Usiku

Mfamasia hapo juu kaongea vizuri sana, mi niongezee kwenye kuchoma maana hapo ndo watu wazima wanapopata shida.

Ukielekea upande ambao saa ziko nyuma, siku ya mama inakuwa ndefu. Masaa saba zaidi. Maana yake ile insulini ya muda mrefu aliyochoma jana usiku inaweza ikaisha nguvu kabla usiku wa huko haujafika, na wakati wa kurudi inakuwa kinyume, siku inafupika na dozi mbili zinaweza zikakaribiana mno sukari ikashuka vibaya. Kwa hiyo kwenda na kurudi ni mipango miwili tofauti. Huo mpango usiutoe kwangu wala kwa mtu yeyote wa humu, dada yangu, nenda kliniki wiki kadhaa kabla na tiketi mkononi, muonyeshe daktari saa ya kuondoka na saa ya kufika, akuandikie kwenye karatasi saa ngapi anachoma kiasi gani. Kuna wanaosogezewa kidogo kidogo, kuna wanaopunguziwa dozi moja, inategemea na aina ya insulini na sukari yake ilivyo. Wakati wa safari acha saa ya mkononi ya mama ibaki kwenye saa za nyumbani mpaka mfike, simu yako ndo iwe na saa za huko, mtajua mko wapi kwenye hiyo karatasi.

Ile ya haraka ya kabla ya kula, hapa naomba unisikilize vizuri. Asichome kwa sababu ametangaziwa chakula kinakuja, wala kwa sababu ameona kigari cha chakula kimetoka kule mbele. Achome sahani ikiwa tayari mezani kwake. Ndege ikianza kutikisika wahudumu wanasimamisha kugawa chakula wanakaa, na unaweza kukaa nusu saa hapo au zaidi, mtu ameshachoma na tumboni hamna kitu. Vivyo hivyo kwenye basi, dereva akisema tunasimama kula dakika kumi zijazo hiyo sio ahadi.

Apime sukari mara nyingi kuliko nyumbani, kila masaa manne hivi akiwa macho, na wewe ukiona anatoka jasho wakati hakuna joto, anatetemeka, anaongea maneno hayaeleweki au amekuwa mkali ghafla bila sababu, mpime papo hapo usidhani ni uchovu wa safari. Ikiwa chini ya 4 (mmol/L) mpe sukari inayoingia haraka kama gramu 15, yaani vidonge vya glukosi, juisi nusu glasi au vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, subiri dakika 15, pima tena, kama bado rudia. Ikishapanda ndo mpe kitu cha kushikilia kama mkate. Hivyo vitu vikae mfukoni mwake, sio kwenye begi. Na kama analala fofofo haamki usimmiminie kitu mdomoni, atapaliwa, ita mhudumu.

Mkikaa tu kwenye ndege mwambie mhudumu mmoja kwa upole kwamba mama ana kisukari anatumia insulini. Tena na wewe usilale usingizi mzito wakati wote, weka kengele ya simu.

mzee_wa_masafa

Mi sio mtu wa afya ila nimesafiri sana kwa mabasi. Kusema ukweli hiyo ya kutokunywa maji sisi wengi ndo tunavyofanya na hatujafa. Basi la usiku halisimami ovyo na mama wa miaka 67 kushuka gizani porini nayo ni hatari yake. Anywe kidogo sana ya kumezea dawa tu, akifika atakunywa. Mimi naona msimtishe dada wa watu.

Nesi_Zamu_ya_Usiku

Mzee wangu shikamoo, nakuheshimu lakini hapa sikubaliani na wewe hata kidogo. Wewe ni mtu mzima mwenye afya, ukikosa maji usiku mmoja utaumwa kichwa basi. Huyu mama ana kisukari. Sukari ikipanda tu kidogo mwili unaanza kuitoa kwa mkojo na maji yanaondoka nayo, juu ya hapo anakunywa dawa inayotoa maji, juu ya hapo anakwenda kukaa masaa kumi na moja kwenye hewa kavu, unyevu wa ndani ya ndege mara nyingi uko chini ya asilimia 20. Ukimnyima maji tangu basi mpaka anashuka ndege, figo zinaumia, presha inaweza kushuka akisimama akaanguka, na damu inakuwa rahisi kuganda. Nimewapokea wazee wodini wametoka safari wako hivyo hivyo, ulimi mkavu kama karatasi, hawajui hata siku ya leo.

Hoja yako ya choo ni ya kweli na sio ndogo, aibu ya kubanwa mkojo kwenye basi ndo inafanya wazee wajinyime maji, kwa hiyo tuitatue hiyo badala ya kumkausha. Chagueni basi lenye choo au linalosimama vituo vinavyojulikana, mwambieni kondakta mapema kabla hamjaondoka sio akishabanwa. Anywe funda kidogo kidogo kila mara badala ya chupa nzima kwa mkupuo. Na kuna pedi za watu wazima za kuvaa ndani ya nguo, hazionekani, zinampa amani hata kama hatazitumia. Ile dawa ya kukojoza asiiache kichwa kichwa, muulize daktari kama siku ya safari anaweza kuisogeza saa, wengi wanaruhusiwa lakini aseme yeye.

mzee_wa_masafa

Marahaba mwanangu. Hilo la figo sikulijua, na la pedi ni wazo zuri. Basi dada sikiliza nesi.

Niongeze hapo kwenye basi basi. Chagua kampuni yenye mikanda ya viti inayofanya kazi na mama na mtoto wafunge, hata usiku, hata kama abiria wote wanawaangalia. Watu wanaogopa magonjwa ya safari lakini barabara inaua kuliko hayo mnayoyaogopa, duniani ni watu kama milioni 1.19 kwa mwaka kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani za 2023. Kama kuna basi la mchana na ratiba ya ndege inaruhusu, bora mchana mkalale karibu na uwanja wa ndege. Mama atakula kwa muda wake, atachoma kwa muda wake, na dereva anaona barabara.

Dkt_wa_zahanati

Hiyo ya basi la mchana na kulala nimeipenda sana, kwa mgonjwa wa insulini inaondoa nusu ya matatizo.

Mimi nijibu la miguu na la chanjo.

Miguu kuvimba yote miwili sawa sawa baada ya kukaa sana ni kawaida na huisha ukilala ukainua miguu. Tunachoogopa ni damu kuganda kwenye mishipa ya ndani ya mguu. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliotoka 2007 ulionyesha kwamba ukisafiri umekaa masaa manne au zaidi hatari hiyo inaongezeka karibu mara mbili, na sio ndege tu, basi, gari na treni pia, kisa ni kukaa bila kusogea. Kwa mtu mwenye afya bado ni nadra, kama mtu mmoja kwa 6,000 kwenye safari ya namna hiyo, ila umri, unene, upasuaji wa karibuni, saratani, ujauzito, au kuwahi kuganda damu zamani vinaongeza. Mkatieni siti ya pembeni mwa njia, kila saa moja akiwa macho asimame atembee, na akiwa amekaa azungushe vifundo vya miguu, akanyage vidole chini anyanyue visigino, halafu kinyume chake, hiyo inakaza shavu la mguu na kusukuma damu kurudi juu. Asimeze dawa za usingizi, zinamfanya akae mkao mmoja masaa sita mfululizo na mguu umekunjwa, na sukari ikishuka hatashtuka.

Soksi za kubana msinunue tu kwa kukisia. Kwa mwenye kisukari cha miaka mingi mishipa inayopeleka damu miguuni inaweza kuwa imeshaziba kiasi na soksi ya kubana ikamzidishia madhara, kwa hiyo daktari aguse mapigo ya mguuni kwanza ndo aseme ndiyo au hapana na saizi gani. Mkifika, hata wiki kadhaa baadae, mguu MMOJA ukivimba, ukauma kwenye shavu, ukawa wa moto, nendeni hospitali siku hiyo hiyo. Akipata kifua kubana ghafla au kupumua kwa shida hiyo ni dharura, usisubiri asubuhi.

Sasa homa ya manjano. Dada hili naomba usilichukulie kirahisi. Chanjo ni moja tu na tangu Julai 2016 cheti chake kinahesabiwa cha maisha, ila kinaanza kutambulika siku 10 baada ya kuchanjwa, kwa hiyo ukichanja wiki ya safari utazuiliwa. Kwako na kwa mtoto wa miaka minne kwa kawaida hakuna tatizo. Kwa mama ni hadithi nyingine, kwa sababu ile chanjo ina kirusi hai kilichodhoofishwa, na mtu anayechanjwa kwa mara ya kwanza akiwa na miaka 60 na kuendelea ana hatari kubwa zaidi ya kupata madhara makali, ni nadra lakini yakimpata yanaweza kuua. Angalieni kama alishawahi kuchanja zamani, tafuteni kadi. Kama hajawahi, daktari apime, ugonjwa uko kiasi gani huko mnakokwenda dhidi ya hatari ya chanjo, na akiona asichanjwe anaweza kumwandikia cheti rasmi cha msamaha wa kiafya, ila muulizeni kabisa ubalozi wa nchi hiyo kama wanakikubali. Na kusema ukweli kama huyo mama hana ulazima wa kwenda hiyo wiki ya mwisho, mi ningefikiria kumwacha akapumzika kule kwa mwanzo.

Usije ukanunua cheti bila kuchanjwa. Cheti hakizuii mbu.

mama_mapacha

Daktari na nesi wamemaliza la bi mkubwa, mi nasogea kwa mtoto maana wangu walikuwa wanatapika mpaka nikawa naogopa kupanda gari.

Kichefuchefu cha gari kinakuja kwa sababu macho yanaona siti imetulia na masikio ya ndani yanasikia gari linayumba, ubongo unachanganyikiwa. Kwa hiyo kitu cha kwanza ondoa simu na vitabu vya picha, hiyo katuni unayompa ili atulie ndo inayomtapisha. Akae siti za mbele mbele za basi, kwenye ndege ombeni karibu na mabawa ambapo pametulia zaidi, atazame mbali nje kwenye upeo sio vitu vya karibu vinavyopita kasi. Usiku haoni nje kwa hiyo alale tu, kichwa kiegemezwe kisitikisike. Asipande na njaa na asipande ameshiba sana, kitu chepesi kisicho na mafuta masaa mawili kabla kinatosha, na hewa iwepo. Mpe mchezo wa kusikiliza, hadithi, kuimba, vitendawili, mnaweza mkamaliza saa nzima hajakumbuka tumbo.

Dawa zipo, zinamezwa nusu saa mpaka saa moja KABLA ya kuondoka, akishaanza kutapika hazisaidii sana. Lakini umuulize mfamasia kwa umri na kilo zake, usimkatie kidonge chako nusu. Kuna moja inaitwa promethazini, chini ya miaka miwili haitakiwi kabisa na hata wakubwa inawalaza sana. Mfuko wa kutapikia uwe mkononi na nguo ya kubadilisha yake NA yako, hiyo yako ndo watu wanaisahau.

Ndege ikianza kushuka muamshe, mpe kitu cha kunyonya au kumeza meza, masikio yanauma wakati wa kushuka kuliko kupanda na mtoto aliyelala hamezi mate vya kutosha. Kama ana mafua makali siku hizo mpeleke aangaliwe masikio kabla.

binti_wa_kwanza

Jamani Mungu awabariki, nimesoma huku nachukua daftari. Leo hii hii nimempigia mama nikamuuliza kadi ya homa ya manjano akasema hakumbuki kuchanjwa, kwa hiyo hiyo wiki ya mwisho nimeshaanza kuongea na ndugu wa kule kama anaweza kubaki nao. Basi la mchana pia nimeshaulizia, lipo.

Swali langu lililobaki, je akiharisha huko? Mama tumbo lake ni jepesi akibadilisha maji tu. Na mtu akiwa na kisukari ile ORS (dawa ya kuchanganya na maji kwa anayeharisha) anakunywa au hairuhusiwi maana ina sukari?

Dkt_wa_zahanati

Anakunywa. Watu wengi wenye kisukari wanainyima miili yao ORS kwa kuogopa hiyo sukari na wanafika kwetu wamekauka. Paketi ya kuchanganya kwenye lita moja ina glukosi gramu 13.5 na hiyo glukosi ipo kwa kazi maalum, ndiyo inayovuta chumvi na maji kupita ukuta wa utumbo kuingia kwenye damu. Bila hiyo maji yanapita tu. Anywe kidogo kidogo, mpime sukari mara kwa mara, na ile insulini ya muda mrefu ASIIACHE eti kwa sababu hajala, akiacha kabisa anaweza kuingia kwenye hatari kubwa kuliko kuharisha kwenyewe. Dozi ya ile ya haraka na vidonge vingine kama metformini na ile ya kukojoza daktari anaweza kumwambia avisimamishe kwa muda siku za kuharisha na kutapika, kwa hiyo kwenye ile karatasi ya kliniki ongezeni swali hilo, siku akiumwa afanyeje, na namba ya simu ya kuuliza.

Bebeni paketi kadhaa kutoka nyumbani. Zikiisha, lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko cha chai cha chumvi, kisawazishwe pia, chumvi ikizidi ni hatari hasa kwa mtoto. Dawa ya kufunga tumbo kama loperamidi mtoto asipewe kabisa, na mkubwa asiinywe kama kuna damu kwenye choo au homa, hapo mnatafuta hospitali.

mfamasia_dirishani

Na kuzuia ni bora. Maji ya mnakofika kama hamna uhakika nayo yachemsheni, yakishatokota kabisa dakika moja inatosha, mkiwa milimani juu ya mita 2,000 iwe dakika tatu kwa sababu kule maji yanachemka kwenye joto dogo. Barafu inatokana na maji yale yale, na mswaki nao unatumia maji. Chakula kiwe kimepikwa kikaiva na kiko cha moto, tunda ulimenye mwenyewe. Mikono sabuni na maji kila mnapoweza, sanitaiza iwe na alkoholi asilimia 60 kwenda juu lakini ni ya pale ambapo hamna bomba tu, kuna virusi vya kuharisha inavishindwa.

Kuhusu malaria kwa wewe na mtoto mkienda ile wiki, kuna dawa za kuzuia na zinachaguliwa kwa umri na kwa mahali, doksisiklini kwa mfano kwa kawaida haipewi watoto chini ya miaka minane. Zote zina kitu kimoja, zinaanzwa kabla ya kufika na zinaendelea baada ya kutoka, nyingine siku saba nyingine wiki nne, ukiacha siku umetoka vimelea vilivyojificha kwenye ini vinatoka vinakuta njia wazi. Chandarua chenye dawa usiku, dawa ya mbu ya kupaka mchana pia maana mbu wa dengi na homa ya manjano wanauma mchana. Ukipaka na ile ya kuzuia jua, ya jua inatangulia, ya mbu inakuja juu yake. Mkirudi, homa yoyote ndani ya miezi mitatu ya mwanzo, na hata baadae, neno la kwanza kumwambia daktari liwe "nilikuwa mahali fulani".

Nesi_Zamu_ya_Usiku

Nimesahau viatu. Mama asinunue viatu vipya kwa ajili ya safari, avae vile vilivyokwisha kumzoea, vilegee kidogo maana miguu itavimba, na soksi zisizo na mshono unaokwaruza. Mwenye kisukari cha muda mrefu anaweza asisikie kidonda kinaanza. Kila siku jioni, mkiwa njiani na mkishafika, mwangalie nyayo zote mbili na katikati ya vidole kwa tochi ya simu, na kabla hajavaa kiatu kung'uta ndani na upitishe mkono. Peku asitembee, hata chumbani hata kwenye mchanga, mchanga uliopigwa na jua unaunguza na yeye hatajua mpaka aone malengelenge. Ukiona wekundu, lengelenge au mkato ambao haujaanza kukauka ndani ya siku moja mbili mpeleke aonwe, usipake tu dawa ukasubiri mrudi nyumbani.

Na bima ya safari ukikata, andika ukweli kwamba ana kisukari na presha hata kama bei inapanda, ukificha hawalipi.

binti_wa_kwanza

Sawa dada yangu nesi, viatu alikuwa ameshaagiza vipya, nimemwambia abaki na vya zamani kanielewa. Kliniki tunaenda Jumatatu, nabeba tiketi na haya maswali yote nimeyaandika. Nitawaambia watakachosema kuhusu dozi ya wakati wa kurudi.